Usingizini mikono yake ilitulia

Sahani ya kwanza ilivunjika asubuhi ya Idd ya kuchinja, mwezi Juni 2023. Salma alikuwa ametumwa kupeleka pilau kwa jirani wa mlango wa tatu, hapa Kaloleni, Kisumu. (Salma si jina lake. Nilimwomba achague jina la kutumia humu, akachagua hilo.) Hakuvuka hata kizingiti chetu. Nilisikia mlio, nikatoka jikoni na mwiko mkononi, nikamkuta amesimama katikati ya wali na vigae, anautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetazama mkono wa mwenziwe. Nikamwuliza kulikoni. Akajibu, "Mama, mkono umeruka."

Nikamwambia aache uongo.

Nimeyaweka maneno hayo hapa juu kwa makusudi. Mwanangu alinieleza ugonjwa wake siku ya kwanza, kwa maneno matatu, na mimi nilikaa karibu wiki sita kabla ya kumsikia. Kama wewe ni mzazi na huna muda wa kusoma hadi mwisho, ondoka angalau na hayo.

Wakati ule alikuwa na miaka tisa, yuko Gredi ya 4. Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu iko barazani. Nashona sare za shule, madera, na buibui Ramadhani inapokaribia. Tangu akiwa na miaka sita, Salma ndiye aliyekuwa akinitungia uzi kwenye sindano jioni, macho yangu yakianza kuchoka. Hakuwa mtoto wa kuvunja vitu. Alikuwa mtoto wa kupanga viatu vya wageni mlangoni, vyote vitazame upande mmoja. Sisemi hivi kumsifu. Nasema kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa dalili yenyewe: mtoto niliyemjua aliondoka ndani ya siku kumi hivi, na mahali pake akakaa mwingine.

Baada ya sahani ikaja ya pili, kisha kikombe, kisha sufuria nzima ya uji. Akivaa viatu, mguu unateleza. Akiswali pembeni yangu, bega linachezacheza mpaka namkanyaga kidole kumkumbusha atulie. Halafu uso nao ukaanza. Alikuwa akikunja pua, anabenua mdomo, anainua nyusi, yote haraka haraka, bila mpangilio wowote. Ukimkemea anazidi. Kwa mtu mzima aliye katikati ya kumgombeza, ilionekana kama anadhihakiwa mbele ya macho yake.

Na hasira. Alilia kwa kwikwi kwa sababu chapati imepasuka, na muda mfupi baadaye nikamsikia anacheka peke yake chumbani. Alimng'ata mdogo wake begani hadi meno yakaacha alama. Usiku aliniuliza kama mlango umefungwa. Namjibu umefungwa. Anauliza tena. Namwinua, namwonyesha komeo, anaridhika, anarudi kulala, na kabla sijafika kitandani kwangu ananiita kuuliza kama mlango umefungwa. Baba yake, ambaye ni mtu mpole, alianza kulala na mto juu ya masikio.

Wiki ya pili ya Julai mwalimu akaniita shuleni. Alifungua daftari la Kiswahili mbele yangu. Kurasa za mwezi wa tano zilikuwa na herufi zilizokaa kwenye mstari kama shanga kwenye uzi. Kurasa za mwezi wa saba zilikuwa kama kuku amechakura juu yake. Herufi moja kubwa, nyingine imekimbilia mstari wa chini, mahali pengine kalamu imetoboa karatasi. "Amekuwa jeuri, Mama Salma," mwalimu alisema. "Anaharibu daftari makusudi, na nikimsemesha ananifanyia sura."

Alikuwa ameshamchapa vidole kwa rula. Sheria za Kenya zinakataza viboko shuleni, kila mzazi analijua hilo, na kila mzazi anajua pia kinachoendelea. Siku ile sikumlaumu mwalimu, maana ningemlaumu kwa mdomo gani? Mimi mwenyewe nilikuwa nimemchapa nyumbani. Mara mbili. Mara ya kwanza kwa kikombe, mara ya pili kwa kumwaga chai juu ya kitambaa cha gauni la mteja. Nilimchapa mtoto mgonjwa kwa ajili ya ugonjwa wake, na bado nauona uso wake akinitazama.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo alipoanza kuikalia mikono yake. Nilidhani ni heshima imemrudia. Akikaa kwenye mkeka, anaingiza viganja chini ya mapaja na kuvibana. Sebuleni hivyo, madrasa hivyo, darasani hivyo. Alikuwa ameshang'amua kwamba mikono ikionekana, anapigwa, kwa hiyo akaificha. Miaka tisa.

*

Kila mtu alikuwa na jibu. Baba Salma alisema ni simu na katuni, akaifungia simu kabatini. Jirani alisema wasichana wa siku hizi huanza kubadilika mapema, ni utu uzima unabisha hodi. Mwalimu alisema ni malezi. Mamamkwe wangu, ambaye wanangu humwita dani, alipanda matatu kutoka Seme mara tu aliposikia, akamtazama mjukuu wake jioni nzima bila kusema kitu, kisha akaniita nje. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "huyu amekutwa na sihoho." Sihoho kwa Waluo ni jicho baya, lile la mtu anayekutazama ukila na kile chakula kikageuka tumboni. Mambo yalikuwa yameanza siku ya Idd, siku ambayo nusu ya mtaa ilikula nyumbani kwetu. Kwa hesabu ya dani, kila kitu kilikaa mahali pake. Simcheki hata kidogo. Dani alikuwa mtu wa kwanza, na kwa muda mrefu mtu wa pekee, aliyesema kwamba mtoto huyu anaumwa. Sisi wengine tulikuwa tukisema amekosa adabu.

Tulimwita pia ustadhi amsomee. Alikuja jioni tatu, alisoma taratibu, hakumshika mtoto wala hakumpigia kelele jini yeyote. Jioni ya tatu alikunja msala wake akaniambia, "Mama Salma, mimi nimesoma nilichojaliwa. Sasa mrudishe hospitali, na safari hii usikubali kurudi na dawa ya malaria."

Maana tulikuwa tumeshakwenda. Ukanda huu wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu yoyote ya Kenya, na mtoto yeyote anayeingia kliniki huku anachomwa kidole kabla hajamaliza kutaja jina. Ni sawa kufanya hivyo. Malaria ikipanda kichwani huweza kumbadilisha mtoto, ikamwacha na degedege, hata ikamuua. Tatizo letu lilikuwa kwamba kipimo kilisema hana, na dawa ya malaria akapewa hata hivyo. Kliniki ya pili wakatoa damu kwa kipimo cha Widal, ambacho huweza kusema mtu ana homa ya matumbo wakati hana, wakatuandikia dawa ya homa ya matumbo. Ya tatu wakamtazama akichezesha mabega kwenye kiti, wakaniambia nimtafutie mshauri nasaha, labda kuna jambo limemtokea nyumbani. Nilirudi kwa miguu hadi Kaloleni nikijiuliza ni jambo gani lililotokea nyumbani kwangu nisilolijua. Nilimtazama kila mwanamume aliyeingia uani kwetu wiki ile kwa jicho ambalo sikuwa nalo kabla.

Usiku huo sikulala. Nilifunua chandarua, nikawasha tochi ya simu, nikaifunika kwa kidole isimwamshe, nikamtazama. Salma alikuwa amelala chali. Mikono yake iko juu ya shuka. Imetulia. Uso umetulia. Nilikaa kitako sakafuni nikasubiri nione kama utaruka. Nilikaa mpaka adhana ya alfajiri. Hakuna kilichosogea isipokuwa kifua chake. Alipofumbua macho, kabla hata hajaketi, vidole vya mkono wa kulia vikaanza kucheza kama mtu anayepiga kinanda.

Sikujua maana yake, lakini nilijua kwamba nimeona kitu. Mtoto jeuri huwa na sababu ya ujeuri wake, na huwa na mtu wa kumwonyesha. Huyu wangu alikuwa anaanza kabla hajanitambua mbele yake.

*

Hospitali ya nne ilikuwa kubwa, ya rufaa. Tulisubiri kutoka saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Daktari alikuwa msichana mdogo, nadhani alikuwa bado mafunzoni, na hakuandika kitu kwa dakika tano za kwanza. Alimtazama tu Salma. Kisha akamwambia, "Toa ulimi, usiurudishe mpaka nikwambie." Ulimi ukatoka, ukarudi, ukatoka, ukarudi, kama wa mjusi. Akampa vidole vyake viwili, akamwambia avibane kwa nguvu zote na asiachie. Mimi nilikuwa karibu, nikaona vidole vya mwanangu vikibana, vikilegea, vikibana, vikilegea. Daktari akaniuliza kama nimewahi kuona mtu akikamua ng'ombe. Nikamwambia nimeona. Akasema madaktari huita hivyo hivyo, mshiko wa mkamuaji.

Akamwomba ainue mikono juu ya kichwa. Viganja vikageuka nje vyenyewe. Akampa karatasi aandike jina lake. Akaitazama ile karatasi, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu yeyote aliyekuwa ameniuliza: "Mama, akilala je?"

Nikamwambia akilala mikono inatulia. Nikaanza kulia.

Akanipa nafasi nilie. Kisha akauliza la pili. "Miezi miwili, mitatu, minne iliyopita, aliumwa koo?"

Nilitaka kusema hapana. Halafu nikaikumbuka Ramadhani. Ilikuwa mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili. Salma alikuwa anajaribu kufunga nusu siku, na siku moja akanijia mchana akasema hawezi kumeza mate. Nilimtazama koo: mafindofindo yamevimba, mekundu, yana madoa meupe. Alikuwa na homa. Nilikwenda kwa kemisti, nikapewa kapsuli za siku tatu, hakuna karatasi, hakuna swali. Siku ya pili alikuwa anaruka kamba. Zile zilizobaki niliziweka juu ya kabati kwa ajili ya siku nyingine, kama tufanyavyo sote.

Kumbe pale ndipo palipoanzia kila kitu. Nitaeleza nilivyoelezwa, kwa sababu nilihitaji kuelezwa mara tatu ndipo kikaniingia.

Kuna bakteria aitwaye streptokoka, wa lile kundi linaloitwa A, ambaye hupenda makoo ya watoto. Akiingia, mwili hutengeneza kingamwili za kumpiga. Mimi nilielewa kwa lugha ya kazi yangu: kingamwili hukatwa kwa kipimo cha adui, kama ninavyokata kola kwa kipimo cha shingo moja. Shida ni kwamba bakteria huyu, katika baadhi ya sehemu zake, ana kipimo kinachokaribiana na cha miili yetu wenyewe. Kwa hiyo kwa watoto wachache, koo likishapona, kola ile inakwenda kuvaliwa na shingo isiyokusudiwa. Inaweza kuwa viungo, goti limevimba leo, kesho kifundo cha mguu. Inaweza kuwa moyo. Na inaweza kuwa zile sehemu za ndani kabisa ya ubongo zinazoratibu mwendo, ambazo pia zina mkono katika hisia na mawazo yanayojirudia. Hapo ndipo mikono inaporuka, uso unapokunjamana, mtoto anapolia bila sababu na kuuliza mara kumi na tano kama mlango umefungwa.

Ugonjwa huo mzima huitwa homa ya rumatiki. Sehemu yake ya ubongo huitwa koria ya Sydenham, na neno koria lina asili ya Kigiriki, maana yake kucheza ngoma. Thomas Sydenham alikuwa daktari Mwingereza, aliyewaeleza watoto wa namna hii mwaka 1686. Maelezo yake ya mikono na miguu ni ya mtu aliyetazama kwa makini, lakini hakujua habari ya koo, na dawa yake ilikuwa kuwatoa damu na kuwaharisha. Zamani huko Ulaya watu waliuita ngoma ya Mtakatifu Vito na kwenda kuomba. Niliposikia hilo nilimfikiria dani na ustadhi, na sikuona kwamba sisi wa Kisumu tulifanya la ajabu.

Kinachowapotosha wengi ni muda. Maumivu ya viungo huja wiki mbili tatu baada ya koo, lakini koria huchelewa, mwezi mmoja hadi sita, wakati mwingine zaidi. Mzazi gani atakumbuka koo la Aprili anapookota vigae mwezi Julai? Hata maabara hupotea njia. Walimpangusa Salma koo kwa pamba, hawakuona bakteria yeyote. Alikuwa ameshaondoka zamani. Kipimo cha damu kiitwacho ASO, kinachotafuta nyayo za streptokoka, nacho huweza kuwa kimeshashuka. Daktari alinieleza kwamba ndiyo maana koria imepewa uzito wa pekee katika vigezo vya homa ya rumatiki, vile vilivyowekwa na daktari Mmarekani T. Duckett Jones mwaka 1944 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Koria yenyewe, kama hakuna sababu nyingine, inatosha kumwambia daktari anachokitazama. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka mitano na kumi na mitano, na wasichana kuliko wavulana. Katika nchi tajiri umekuwa nadra. Huku kwetu, wanapolala watoto wanne kwenye kitanda kimoja na koo likatibiwa kwa kapsuli tano, bado upo.

Nilidhani tumemaliza. Daktari akasema bado hajausikiliza moyo vizuri, anataka eko, kile kipimo cha picha ya moyo. Nilitoa pesa za magauni manne ya harusi niliyokuwa sijamaliza kushona. Salma alilala ubavu wa kushoto, wakampaka mafuta baridi, tukaona kwenye kioo vali za moyo wake zikifunguka na kufunga kama milango midogo ya duka. Moja, ile ya mitrali, haikuwa inafunga sawasawa. Damu kidogo ilikuwa inarudi nyuma. Kidogo tu, alisema. Alikuwa hakohoi, hachoki, hakuwa na dalili hata moja.

Ni jambo hili ambalo bado linaniamsha usiku. Mikono yake isingeruka, tusingejua habari ya moyo. Angepata koo jingine, na jingine, na kila koo lingekwaruza vali ile zaidi, mpaka siku moja akiwa na miaka kumi na saba ashindwe kupanda ngazi, au akiwa na mimba ya kwanza ashindwe kupumua. Wapo wasichana wengi hapa magharibi mwa Kenya wanaoujua moyo wao kwa njia hiyo. Sisi tulipigiwa kengele, na tulimchapa aliyekuwa akiipiga.

*

Alichomwa penisilini siku ile ile. Akaandikiwa dawa ya usiku, kiasi kidogo, ya kutuliza mwendo wa mikono. Tuliambiwa wengi hupona koria ndani ya miezi mitatu hadi sita, wengine huchukua zaidi, na kwamba inaweza kurudi akipata tena streptokoka. Kwa Salma mikono ilianza kutulia mwezi wa tisa. Hasira na maswali ya usiku vilichelewa. Kuna usiku wa Oktoba nilimjibu mara ya nane kwamba mlango umefungwa na nikataka kupiga yowe, na baba yake akainuka akasema, "Twende tukauangalie pamoja," akamshika mkono wakaenda. Waliangalia kila usiku kwa majuma mengi. Kisha siku moja akasahau kuuliza.

Kipindi kile nilisoma sana kwenye simu. Ndipo nilipokutana na herufi PANDAS, jina lililotolewa na daktari Susan Swedo na wenzake huko Marekani, walipochapisha habari za watoto 50 mwaka 1998. Watoto hao hawakuwa na koria. Walikuwa wameanza ghafla kuwa na mawazo yanayowalazimisha kurudia mambo, au mishtuko ya misuli ya uso na mabega, na kila ikizidi inafuatana na streptokoka. Mwaka 2012 likaja jina pana zaidi, PANS, kwa watoto wanaobadilika ghafla namna hiyo hata kama chanzo si streptokoka. Nilisoma simulizi za akina mama wa mbali wanaosema mtoto wao alilala akiwa mmoja, akaamka akiwa mwingine, anakataa chakula, anaosha mikono hadi inatoka damu. Nililia nao. Nilijua kila neno.

Nilimpelekea daktari habari hizo. Akaniambia kwa uwazi kwamba juu ya PANDAS madaktari bado wanabishana: ni watoto wangapi hasa, chanzo ni hicho au la, na penisilini inasaidia kiasi gani. Juu ya koria ya Sydenham hakuna ubishi. Akanionya pia nisiwashauri majirani wamnunulie dawa ya koo kila mtoto mkorofi. Nakubaliana naye. Watoto hukorofika kwa sababu elfu, na mojawapo ni ile niliyoiogopa nikirudi nyumbani kwa miguu, kwamba kuna mtu amemdhuru. Hiyo nayo lazima iulizwe, tena kwa upole. Lakini mtoto aliyekuwa sawa akabadilika ndani ya siku chache, mwandiko ukavunjika, mikono ikaangusha vitu, huyo anahitaji kutazamwa mwili kabla ya kutafutiwa kosa. Mtazame akiwa amelala. Mpe vidole vyako abane. Kumbuka koo la miezi iliyopita. Ukienda hospitali, yaseme hayo bila kusubiri kuulizwa, na mrekodi kwa simu, maana siku ya daktari mtoto huweza kutulia.

Na koo likiuma, mafindofindo yakivimba kwa homa, mpeleke akaonwe. Akiandikiwa dawa ya siku kumi, ni siku kumi. Zile za juu ya kabati yangu nilizirudisha kwa kemisti na kumweleza kilichotokea. Alisikiliza huku akipanga boksi zake. Tangu siku hiyo nimemsikia mara mbili akimwambia mteja aende kwanza akaonwe na daktari.

Shuleni nilipeleka barua ya hospitali. Mwalimu aliisoma mara mbili amesimama. Akavuta daftari la Salma kwenye rundo, akafungua kurasa za Julai, akakaa kimya. Kisha akaniuliza kama anaweza kutoa nakala ya barua abandike kwenye chumba cha walimu, akifunika jina. Nikamruhusu. Muhula uliofuata alimwacha Salma ajibu mitihani kwa mdomo mpaka mkono uliporudi. Mimi na yeye hatujawahi kuzungumza juu ya rula.

Na Salma nilimwomba msamaha. Nilimketisha barazani nikamwambia nilikosea kumpiga, kwamba mkono wake ulikuwa unaruka kweli na yeye alisema kweli. Alifikiri kidogo akasema, "Nilikwambia." Basi. Akaendelea kula embe lake.

Kilichobaki ni sindano. Kila baada ya siku 28 anachomwa penisilini nzito, ile ya benzathini, ili streptokoka asipate tena nafasi kooni. Hizo ni sindano 13 kwa mwaka, angalau mpaka atimize miaka 21, na kama vali haitapona huenda hata mpaka 40. Nimepiga hesabu ya mpaka 21 peke yake nikapita 150, nikaacha kuhesabu. Inauma. Dawa ni nzito kama maziwa ya mgando na inaingia taratibu. Tumejifunza kuishika chupa kiganjani kwanza ipungue ubaridi wa friji, kumwomba nesi asisukume kwa haraka, na kutomruhusu mtu amwambie "haiumi". Wakati mwingine kituo kinakuwa hakina dawa, kwa hiyo naanza kuulizia wiki moja kabla. Kuna mambo mengine nitamwambia akikua: kwamba vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, au mimba, vinaweza kuirudisha koria, na kwamba kabla ya kuzaa lazima moyo uangaliwe. Nimeyaandika nyuma ya kadi yake ya kliniki, endapo sitakuwepo.

Eko ya mwisho ilionyesha vali bado inavuja kidogo, haijaongezeka. Yuko Gredi ya 7, anakaribia miaka 12, mwandiko wake si shanga tena lakini unasomeka. Kesho ni sindano ya 33. Ameshaniambia itakuwa upande wa kushoto, kwa sababu wa kulia bado unakumbuka ya mwezi uliopita, na kwamba tukitoka tupitie Kibuye tukale mandazi.